Kinyago cha Sita

Hosteli, Ubungo
4 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje, na mguu wa mama umepona? Mie mzima, ila ubwabwa wa kantini umenichosha. Najua simu unaiona ya misiba tu, kwa hiyo nakuandikia kama nilivyokuwa nakuandikia nikiwa bweni. Shangazi Marietha atakuletea barua akitoka kazini hapa chuoni.

Mwaka huu wa mwisho nimechagua fizikia ya matumizi. Wenzangu waliobaki na nadharia wanahesabu nyota. Sie tunatakiwa kuchukua shida ya watu na kuipima. Nimechukua ya kwenu. Wateja wanalalamika kuuziwa mti mweupe uliopakwa rangi kwa jina la mpingo. Nitatengeneza kipimo rahisi ambacho fundi yeyote anaweza kukitumia kibandani, kisha nitasoma ripoti mbele ya kikundi chenu cha wachongaji. Mzee Mwishehe, mwenyekiti wenu, amekubali. Nahitaji vinyago sita vya mafundi sita, kila kimoja na jina la aliyekichonga. Cha kwanza nataka kiwe chako.

Mwanao,
Jesca

Mbagala
23 Februari 2025

Mwanangu Jesca,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Kifua kimetulia, na mguu wa mama yako unamtosha kuzungukia majirani wote. Miaka mitatu ya fizikia na pasi ya hapa nyumbani bado mbovu. Haya, sasa umehamia kwenye vinyago.

Nimekuchongea mwanamke aliyebeba mtungi. Mshike kwa mikono miwili, ni mzito. Nimechelewa kwa sababu siku hizi kazi haikimbii. Hicho kipimo nadhani mtatazama rangi na kugonga msikie mlio, kama tufanyavyo sisi. Wasalimie walimu wako.

Baba yako,
Albano

Ubungo
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni salama. Mie siumwi, lakini siko sawa.

Kipimo chetu hakihusu rangi wala mlio. Unapima kinyago kwenye mizani, kisha unakitumbukiza majini uone kinasukuma maji kiasi gani. Mpingo ni mzito kuliko maji, huzama hadi chini. Vitano vya wenzako vilizama. Chako kilichelewa, kikawa cha sita. Kilisimama wima, kichwa na mtungi nje ya maji, kama mtu anayeoga. Maabara nzima ilicheka. Mie nilicheka kuliko wote, baba, kabla sijaelewa. Nilipokipangusa, kitambaa kikawa cheusi.

Tulikitoboa chini. Ndani mna misumari saba, imezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Kilichobaki ni mkorosho.

Dk. Tayyaba, msimamizi wangu, aliwatoa wenzangu nje, akaniambia, "Andika ulichokiona. Kuhusu hilo jina, kaa nalo kwanza." Nimekaa nalo wiki nzima. Naweza kuandika vinyago vitano, na hakuna atakayeuliza. Ripoti inakabidhiwa tarehe 30 Mei. Niambie nifanye nini. Na niambie kwa nini umenifanyia mimi.

Jesca

Ubungo
22 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Pasaka imepita na sikuja. Nilimwambia mama nina mitihani. Sina mtihani wowote. Shangazi Marietha anarudi mikono mitupu kila wiki, na siku hizi anakwepa kunitazama usoni. Ukurasa wa matokeo bado haujaandikwa. Nakungoja wewe.

Mwanao,
Jesca

Mbagala
18 Mei 2025

Jesca,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijambo, na mama yako hajambo. Barua tatu nimeandika nikazichana. Ya kwanza ilikuamuru unitoe.

Tangu mwaka juzi vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi nikishika tezo. Mpingo hautaki mkono wa namna hiyo. Chuma kinateleza kinakukata. Mkorosho unakubali. Nauchukua Mkuranga, mama yako anapaka rangi ya viatu. Misumari ni akili yangu mwenyewe, maana mteja hunyanyua kwanza ndipo aulize. Zaidi yake hajui mtu, hata Mwishehe niliyejifunza naye kazi kule Newala. Wananiita Albano wa Mpingo. Ningewaambia nini?

Umeuliza kwa nini wewe. Ulitaka cha kwanza kiwe changu, na mimi sikuwa nacho. Niliona aibu kukwambia.

Usinitoe. Ukiandika vitano, na wewe utakuwa umetia misumari chini. Andika sita, na jina langu lote.

Baba yako

Ubungo
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za tangu jana? Nilipokuwa nasoma ripoti kikundini nilikuona benchi la nyuma, umevaa shati la kanisani. Majina matano yalipita vizuri. Nilipofika la sita nililisoma lote, na mti wake, na misumari yake. Mzee Mwishehe aliinamisha kichwa. Nilipoinua macho hukuwepo.

Kazi imesifiwa. Kikundi kimeomba kuachiwa mizani na ndoo. Watu walinipongeza, nikaenda kulia chooni. Niambie tu kama bado nina kwetu.

Mwanao,
Jesca

Mbagala
17 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, usiwe na wasiwasi wa afya. Kikundi kimefuta jina langu kwenye ubao wa wanachama. Mwishehe alikuja mwenyewe kunieleza. Mama yako alimpa chai, akashindwa kuimaliza. Hakuna aliyenionea.

Nilitoka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na sikutaka wachongaji wayaone. Lakini nilikusikia. Jina langu ulilisoma taratibu, kama ulivyosoma ya wenzangu. Ungelipitisha haraka ningejua unanionea haya.

Kwetu nimelelewa kwamba mzazi hamwombi radhi mtoto wake. Anapika chakula, anamwita, mtoto anakuja, wanakula, yameisha. Ndivyo nilivyotaka kufanya, na kuku mama yako ameshamfunga kamba. Halafu nikaona hapana, nitakuwa nimekuficha jambo jingine tena.

Nisamehe, Jesca.

Baba yako,
Albano