Maji ya Sabato Hayanuki

Kando ya Ziwa Naivasha,
Ijumaa asubuhi.

Tata, baba yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na Mama na wote waliomo nyumbani. Mimi mwili hauna taabu. Nauliza hali ya Kemunto kabla ya neno lingine lolote, kwa kuwa uliandika kwamba mdogo wangu hainuki tena hata kwenda kukaa mlangoni. Je, anakula? Je, bado anawafokea kuku wa Nyanya?

Kazi yangu ni ile ile ya kuosha chupa za daktari wa maji. Si daktari wa wagonjwa, Tata. Yeye huyapima maji ya ziwa na ya vinamasi. Mwezi uliopita alichota maji kwenye mafunjo. Yalikuwa ya kahawia kama chai kali na yalinuka yai viza, nikakikumbuka kinamasi chetu cha Nyansiongo, siku ile tulipohama kutoka Nyacheki na Mama akaziba pua. Chupa nyingine tulizifunga kwa kitambaa cheusi, nyingine tukaziacha wazi, zote tukazipanga juani juu ya paa la stoo. Tulipozishusha, zile za kitambaa zilikuwa vile vile. Zilizopigwa na jua zilikuwa zimepauka, na harufu haikuwapo.

Nilishtuka hata nikaangusha kizibo. Yale yalikuwa maji ya Mama. Ijumaa alfajiri yeye hujaza mabeseni na kuyapanga uani, ili Sabato isimkute mtu akichota, na Jumamosi maji hayanuki. Unakumbuka alivyosimama kanisani akasema Mungu ameyafanya maji yetu kuwa matamu ili tujue hapa ndipo pa kukaa.

Unanijua, Tata. Kuuliza mbele za watu ni kazi ngumu kwangu. Nilisimama mlangoni kwa daktari mpaka mpishi wetu, Wafula, akanicheka.

"Bibi Kimya, mlango haujibu maswali! Ingia useme. Ukisema, leo mvua itanyesha."

Nikaingia, nikasema. Daktari akaweka kalamu chini.

"Majani yakioza kinamasini," alinieleza, "yanayeyuka majini usiyaone, ila rangi tu. Ndani yake mna salfa. Jua linayavunjavunja. Rangi inapauka, salfa nayo inageuka, inakuwa chumvi isiyonuka. Haikuondoka. Imo mle mle majini."

"Ndiyo inayomwumiza mdogo wangu?"

"Hapana, hiyo ni kidogo mno. Kwenu mnachota wapi?"

"Chini ya boma la ng'ombe."

"Basi kinachomwumiza huenda ni kingine, vijidudu vya mavi ya ng'ombe, na hivyo havina harufu wala rangi. Mnayachemsha?"

"Kila siku, tena kwa majani ya chai, maana yananuka. Isipokuwa ya Sabato."

"Kwa nini?"

"Sabato hatuwashi moto. Na Mama anasema yale yamekwisha kubarikiwa."

Alichukua tena kalamu, akaandika: Sabato. Wafula hakucheka tena.

Tata, fikiri nyuma. Kemunto alikuwa akianza kutapika Jumapili. Sisi tukasema ni kuchoka, kanisa liko mbali.

Haya yote nilimwandikia Mama, na jibu lake nikalisoma ndani ya barua yako: "Mwambie Bosibori asinifundishe Mungu kwa chupa." Limenikaa kifuani. Sikusema jua si la Mungu. Nilisema maji yachemshwe Ijumaa kabla jua halijatua, yafunikwe, na Sabato haitavunjika. Sasa nakuomba wewe uwashe moto huo kwa mkono wako, hata akikasirika. Lakini mambo ya kanisa umekuwa ukimwachia Mama tangu nikiwa mdogo, ukitoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Huu ukimya wangu niliurithi kwako, na ninaogopa utafanya hivyo tena.

Na tukitaka kuhama hapo Nyansiongo, mahali pa kurudi sipaoni. Baba Mdogo amepanda chai kwenye shamba letu la Nyacheki mpaka kwenye kaburi la Babu; hawezi kuing'oa kwa ajili yetu. Hapa daktari anafunga masanduku aende kwao. Niliomba ruhusa nije kumwona Kemunto, nikaambiwa nisubiri mpaka la mwisho lifungwe. Nikirudi sitakuwa na kazi, wala sijui kama Mama atanisikiliza zaidi nikiwa mbele yake. Huenda hata sauti isinitoke.

Nisalimie Nyanya, mwenye kuku. Nisalimie shangazi Moraa anayekusaidia kukamua, na mzee wa kanisa anayemsomea Mama Biblia. Labda yeye angesikilizwa. Mwambie Kemunto nimemwekea kizibo cha chupa cha kuchezea.

Nimetazama nje sasa hivi. Hapa hakuna wingu hata moja, paa la stoo linameta hata macho yanauma. Barua hii haiwezi kufika leo, na Mama amekwisha kupanga mabeseni uani. Zamani nilikuwa nikiomba Ijumaa iwe na jua, tuoshe nguo zikauke kabla ya Sabato. Leo naomba mawingu yatande Nyansiongo nzima, Tata. Naomba kesho maji yanuke, mtu asiyanywe.

Ni mimi binti yako,
Bosibori