Madoido ya Kompyuta ya Ukumbini

Kaka Majura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kukuandikia bila kukuamkia siwezi, wewe uliyenifundisha kuhariri video tangu sijui hata kushika kamera. Nina hasira, kaka, na leo hasira yenyewe ni tamu.

Ile siku ya kuvunja kamati pale Igogo bado inaniuma. Wanakamati wamekula, wamekaa kutazama harusi waliyoichangia, video ikaanza kukwamakwama. Mwenye ukumbi akashika kipaza sauti: "Huyu ni fundi wa kubahatisha!" Watu wakacheka. Kazi zikakauka, presha ikapanda, ukafa ukijilaumu.

Hukukosea! Kompyuta yake ilijaa madoido: madirisha yanayoonyesha yaliyo nyuma yake, vivuli kila pembe. Kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora skrini, iliifungua video vizuri tu, lakini kila picha ilibidi kwanza ichanganywe na madirisha na vivuli vyote ndipo ifike kwenye skrini. Kadi dhaifu, kazi mbili. Ikachelewa, picha zikaachwa njiani. Sisi tuliijaribu kwenye mashine yetu isiyo na urembo wowote, tukaridhika. Kosa letu ni hilo tu.

Jumamosi yule mwenye ukumbi alivunja kamati ya harusi ya binti yake, ukumbini mulemule, video nimehariri mimi. Nilijua itakwama. Nikaiacha ikwame. Nilimwangalia akitokwa jasho mbele ya wakwe, nikafurahi, Mungu anisamehe. Alipoanza kunifokea, nikazima madoido, watu wote wanaona. Video ikatiririka. Nikasema kwa sauti: "Video ni ileile, kompyuta ni ileile. Kaka Majura mlimzika na aibu isiyo yake."

Hakuna aliyecheka.

Baadaye akanifuata nje, eti ananiomba radhi, kwa kunong'ona. Nikakataa. Wewe alikutukana mbele ya watu. Nimemwambia apande meli hadi Nansio, akamwambie mama yako ukweli, majirani wakisikia. Amekubali kwenda Jumapili ijayo, macho chini.

Nimekukumbuka mno, kaka. Hata namna ulivyokuwa unapiga mluzi ukikata picha mbaya.

Lala salama. Nakuahidi nitapanda naye meli hiyo, asije akabaki bandarini kwa visingizio. Na mama yako akikataa kumsamehe, mimi sitamwombea.

Mwanafunzi wako,
Neema