Mtaa Wenu ni Kijani

2 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Chumba chenu cha mitambo kinaendeleaje? Sisi hatujambo, ila masikio yangu yamezidi ukaidi. Kwenye simu nasikia mngurumo tu, kwa hiyo niandikie. Macho bado yapo.

Maji ya bomba yameanza kunuka udongo. Nilitaka kuyachemsha, baba yako akanicheka. Ati, "Mtoto wetu ndiye anayeyalinda, tuchemshe ya nini?" Unamjua, maji yaliyochemshwa kwake hayana ladha. Wewe unaonaje?

Mama yako

3 Machi

Shikamoo Mama,

Mie mzima, uchovu tu. Baba mpe shikamoo yake, na mwambie aache kunitangaza mtaani.

Nimewaangalia. Mbele yangu kuna skrini ukuta mzima, na kila mtaa una taa yake ndogo. Kwenye mabomba makubwa kuna vipimo vinavyotutumia habari kama dawa ya kuua vijidudu inatosha. Mtaa wenu ni kijani, yaani maji ni salama. Harufu itakuwa ya mabomba makuukuu. Kunyweni bila wasiwasi.

Siku hizi kazi ina nafuu. Zamani kila kipimo kikipotea mtandaoni king'ora kililia, na vilikuwa vinapotea na kurudi kutwa nzima, mpaka tukawa tunazima kelele bila hata kusoma. Bosi akanipa kazi ya kutafuta tiba. Nikaupanga mtambo hivi: kipimo kikinyamaza, skrini iendelee kuonyesha jibu lake la mwisho mpaka kirudi. Sasa hata chai tunainywa ikiwa moto. Wenzangu wananiita Mganga wa Kelele!

Kitindamimba wako

9 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Wewe Mganga, kula vizuri, usije ukakonda kwa sifa.

Majirani walikuja kuuliza habari ya maji, nikawaambia binti yangu ameona kijani kwa macho yake. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa anachemsha, ameacha. Leo mwanawe anaharisha. Baba yako naye tumbo linamkata tangu jana, anasingizia chakula cha kiporo. Namnywesha maji mengi, kila akitapika namwongezea. Usiwe na hofu, tutapona.

Mama yako

12 Machi

Mama, salamu baadaye. Msinywe hayo maji!

Nilikuwa safarini, nilitumwa kituo kingine kuwafundisha kutuliza kelele kama mimi. Ujumbe wako nimeusoma leo. Nimefungua habari zote za mtaa wenu, moja moja. Kipimo chenu kimenyamaza tangu Februari. Kijani nilichokuambia ni cha Februari, Mama. Mtambo ulikuwa haujui chochote kuhusu maji yenu, na mimi ndiye niliyeufundisha kujifanya unajua.

Mpeleke Baba hospitali sasa hivi. Mwambie fundi, waambie wote. Nijibu hata kwa neno moja.

Kitindamimba wako

13 Machi

Mwanangu,

Baba yako ametutoka alfajiri. Hadi mwisho alikuwa anaomba maji, na mimi nikampa.

Ujumbe wako niliuona baada ya hapo, nikaenda kwa fundi. Akasikiliza, akaniuliza, "Si ulisema kijani?" Mwanawe yuko hospitali.

Sina hasira na wewe. Moyo umejaa, hasira itakaa wapi? Usije, wanasema mtaa utafungwa. Tumbo langu linasokota kidogo, ni uchovu wa msiba. Mimi mzima.

Mama yako

16 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje?

Nimekuja hata hivyo. Niko kwenye kizuizi, mwanzo wa barabara yenu, na bati la nyumba yetu naliona. Askari ana barakoa, hataki kunisikiliza. Nimemwomba awatume wahudumu wagonge mlango wako. Amesema wanakwenda nyumba kwa nyumba, nisubiri kama wengine.

Simu yako inaita, haipokelewi. Najijibu kuwa ni masikio yako. Kisha nafungua ujumbe wako wa mwisho, pale ulipoandika "Mimi mzima", naushikilia, nausoma tena, na ni wa siku tatu zilizopita, Mama. Naogopa sana.

Niandikie. Nitukane ukitaka, nilaani, uniambie nimemuua Baba. Usinyamaze tu.

Kitindamimba wako