Jina Lake Juu ya Bahasha

Shikamoo Mama Wilhelmina. Nakuandikia nikiwa nimeishiwa akili, naomba unisaidie maana watu wawili ninaowategemea wananivuta huku na huku na mimi mwenyewe sijui nielekee wapi. Naitwa Renatha, ni mjane, kwetu ni Kagera lakini nimeishi hapa Mirongo tangu nilipoolewa, nashona nguo. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walibeba hadi vyerehani, nikahangaika mahakamani peke yangu mpaka nikarudishiwa, na baada ya hapo nikaona niandike kijarida cha kuwaeleza wajane wenzangu mambo ya mirathi. Nakidurufu kwa mashine ya kanisani, nakiweka kwenye bahasha, naandika jina la kila msomaji na kutuma kwa posta. Walianza wachache, wakaambiana, wakawa wengi, wapo wa Nansio, wapo wa Misungwi, na majibu yao yalikuwa yananipa nguvu ya kuamka asubuhi.

Sasa kuna kijana anaitwa Alexander, msomi, anafanya kazi kwenye ofisi moja mjini yenye kompyuta, yeye ndiye ananisahihishia sheria. Anasema, "Dada Renatha, bahasha zimepitwa na wakati, tuma kwa imeili, unabonyeza mara moja kinafika kote." Nikamuuliza, kote wapi, na wasomaji wangu wengi hawana hata umeme? Akasema watazoea, na wafadhili siku hizi wanataka mtu mwenye imeili. Halafu kuna rafiki yangu Getruda, anauza vitenge pale njia panda ya Usagara, yeye anataka nikibandike kwenye ubao karibu na mashine ya kusaga, anayetaka aje asome. Tulijaribu mara moja. Mama mmoja alisimama kusoma, mwanamume akapita akamwambia, "Wewe mumeo yuko hai, unasoma hayo unamwombea kifo?" Mama wa watu akachukua debe lake akaondoka. Kwa hiyo nikaendelea na bahasha.

Mama, ni hizo bahasha zilizoniletea msiba. Msomaji wangu mmoja wa Usagara anaitwa Dorotea, alinipa sanduku la posta la shemeji yake, Nkwabi, maana ndilo pekee alilolijua, na mimi nikaliandika. Toleo la kueleza jinsi mjane anavyofungua mirathi, Nkwabi akalifungua yeye. Akaita ukoo wakakaa, akasoma kwa sauti, kisha akamwambia Dorotea, "Kumbe unafundishwa kutushtaki? Posta ni yangu, nyumba ni ya kaka yangu, na watoto ni wetu, ng'ombe wa mahari walitoka kwetu." Wakamtoa na furushi moja. Watoto watatu wamebaki huko. Wa mwisho, Shimba, ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

Sasa Dorotea analala chumbani kwangu. Hanilaumu, ingekuwa afadhali anilaumu. Maziwa bado yanamtoka, anakaa amejifunga kanga kifuani, mtoto wa jirani akilia anatoka nje. Wajane wengine wamesikia, wananiandikia niwafute majina. Alexander anasema ningemsikiliza yasingetokea, Getruda naye anasema hivyo hivyo. Lakini jana Dorotea mwenyewe kaniuliza, "Dada, toleo lingine linatoka lini?" Ndipo nikachukua kalamu nikuandikie. Nitume kwa bahasha, nibandike, nifuate hiyo imeili, au niache kabisa?

Renatha, Mirongo

Marahaba, Renatha.

Pole sana wewe, na Dorotea umpe pole zangu. Baada ya pole, nikukaripie kidogo. Umenieleza habari za bahasha, ubao na kompyuta kwa urefu, na watoto watatu umewapa mistari miwili. Unauliza kijarida kipite wapi wakati kuna mama ndani ya chumba chako hajui mwanawe amekula nini leo. Umeanzia mwisho.

Hata hivyo nakujibu. Alexander hakosei kuipenda imeili, ila anawapelekea wenye ofisi, na wenye ofisi hawajafukuzwa na mtu. Mruhusu awatumie mawakili na makanisa, wakusaidie kujibu maswali magumu. Mjane wa Usagara usimtafute huko. Bahasha ibaki kwa mwenye sanduku lake mwenyewe, tena umuulize kwanza kama anaitaka. Sanduku la shemeji, la mkwe, la mwenye duka, acha leo hii.

Kilichomponza Dorotea si yale maneno. Ni jina lake juu ya bahasha. Sheria ya mirathi si siri, hata Nkwabi ana haki ya kuisoma. Basi ibandike ubaoni, lakini usiandike juu yake "kwa wajane", andika "kwa kila familia", wanaume nao wasimame wasome. Hapo hakuna atakayeulizwa kwa nini imemfikia yeye. Na yale ya ndani, maswali na vilio vya wajane, yaandike kwenye karatasi za pembeni, yakae dukani kwa Getruda katikati ya vitenge. Anayeyataka ataingia kuchagua nguo, atayachukua, na wewe hutajua jina lake. Itakuuma, najua, umezoea kuandikiwa. Vumilia. Wasomaji wako hawapo kwa ajili ya kukuamsha asubuhi.

Sasa watoto. Nendeni Misungwi kwa afisa wa ustawi wa jamii, mwombe barua ya kwenda mahakamani. Mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria huona ni vema akae na mama yake, ila lazima mtu asimame aombe. Mirathi ifunguliwe mahakama ya mwanzo, na wewe unaijua njia hiyo kuliko mimi. Msiende kwa Nkwabi peke yenu kugombana, mtapigwa na watoto watahamishwa.

Inaweza kuchukua muda mrefu. Wale wakubwa wawili huenda wasirudi, na Shimba anaweza kurudishwa akiwa hamkimbilii mama yake tena. Usimfariji Dorotea kwa kumwahidi usichokijua. Mwambie ukweli huu wote, halafu Jumatatu funga chumba, pandeni gari la Misungwi.