Thairoidi, Ngao ya Kooni

Baba,

Kesho asubuhi wananipasua shingo. Naogopa, Baba. Naogopa hadi chai imenishinda.

Ule uvimbe uliouona ukiwa mdogo kama karanga, ukaniambia niuangalie, sasa skafu haiufichi tena. Daktari anasema ni thairoidi, na nyuma yake umepita mshipa wa fahamu wa sauti. Ukiguswa vibaya, naweza kuamka bila sauti. Mimi, ninayepayuka siku nzima hotelini mtaa wa Hai Cinema, jenereta ikinguruma, ili jikoni wasikie nani anataka asida, ugali wetu, na nani maharage! Na Keji, mjukuu uliyemwacha akitambaa, halali mpaka nimwimbie.

Daktari alipotaja jina lile, nilikukumbuka kule kambi ya wakimbizi Uganda, ukiwa mwalimu wa baiolojia. Mtoto akiumia, wazazi wengine walibembeleza. Wewe ulipashika palipouma: "Usilie kwanza. Hapa inaitwa nini?" Kisha ulitueleza jina lilitoka wapi, mpaka tukasahau kulia. Thairoidi nilifundishwa siku mwiba wa samaki uliponikwama. Wagiriki, ulisema, walikuwa na ngao ndefu kama mlango. Gegedu la mbele ya koo linafanana nayo, likapewa jina hilo, na tezi iliyo jirani ikaliazima. Leo nimelirudia hilo tangu asubuhi. Woga uko palepale.

Ndipo zikanijia wiki zako za mwisho, nyumbani mtaa wa Atlabara. Ulijishika tumbo palipokuuma ukasema, "Niulize pankreasi inatoka wapi." Nikakuuliza. "Kigiriki. Nyama tupu!" Ukacheka. Ukataka nikuulize tena, na tena. Nilidhani ni ualimu wako tu usioisha. Kumbe ulikuwa unaogopa, Baba. Mbona hukuniambia? Tungeogopa pamoja.

Nesi amepita sasa hivi. "Mama, kesho usikule kitu, hata maji. Khalas." Nimeitikia kwa kelele, wagonjwa wenzangu wakageuka. Nilitaka tu kuisikia sauti yangu.

Jioni, kabla hawajamrudisha Keji nyumbani, nilimwambia ukweli: mama anaogopa. Hakulia. Alinisogelea hapa kitandani.

Pumzika, Baba. Nikiamka nitamwita Keji. Na sauti isipotoka, nakuahidi, sitamchekea nikajifanya sina neno. Nitamwacha anione nikilia.

Binti yako