Stika ya Bima

Jumatatu, 3 Machi
Faili jipya mezani. Fundi umeme wa magari anaomba hataza, haki ya kuumiliki uvumbuzi wake, nami nipime kama ni kipya kweli: kifaa chake kinapitisha umeme kidogo mno kwenye balbu ya breki. Haiwaki, lakini kama imeungua dereva anajua kabla hajakanyaga. Dada yake aligongwa kwa nyuma, taa zilikuwa zimekufa na yeye hana habari. Hilo kaliandika pembeni kwa kalamu, fomu haikumuuliza. Nimelisoma mara tatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata hati mbili za uvumbuzi wa zamani. Moja ina ule umeme mdogo, nyingine ina onyo kwa dereva. Nikaandika: si kipya! Nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Mzee Lenzi wa meza ya pili — huyo anayevaa miwani mbili kwa pamoja — akachungulia. Akauliza tangu lini nimekuwa mshenga wa hati. Upya unapimwa kwa hati moja yenye kila kitu, si mbili nilizozifungisha ndoa mimi. Miaka kumi na moja kazini, kosa la mwanafunzi! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini asante, Mzee. Asante sana. Ningemzika mtu angali hai.

Ijumaa, 14 Machi
Hati mia mbili na kumi na sita. Hakuna hata moja yenye vyote. Nimeandika: NI KIPYA. Nimeimba mpaka nyumbani. Mume wangu akauliza kama nimepandishwa cheo. Wapi! Nafurahi tu, naishukuru kazi hii.

Jumanne, 25 Machi
Barua kutoka kwa fundi. Mungu anizidishie, ananiita dada yake wa pili. Ndani kuna picha: yeye barabarani, kifaa kiko wazi mkononi, anawaeleza watu waliolizunguka gari. Nimeibandika ukutani. Nimelia kidogo.

Mchana nikaitazama tena. Stika ya bima kwenye kioo cha gari: mwisho Februari, mwaka juzi. Ombi lake aliwasilisha Juni, mwaka huohuo.

Kama stika ilikuwa hai, picha ilitangulia ombi! Kifaa kikielezwa hadharani kabla ya ombi, si kipya tena, hata kama aliyekieleza ni mwenyewe. Lakini labda stika ilishaisha muda, naye akaendelea kuendesha hivyohivyo. Sijawahi kumwombea mtu awe amevunja sheria ya bima. Leo naomba!

Jumatano, 26 Machi
Mkuu wangu anatia saini faili saa nane. Kuichana picha ni sekunde mbili. Mkono umekataa.

Nimempigia fundi. Vigelegele! Kamwita dada yake anisalimie. Sauti ya mtu mzima wa afya, nikashukuru kuisikia. Kisha nikamuuliza picha ilipigwa lini. Hakushtuka hata chembe. Hajui kuficha, maskini.

"Aa, dada, mbona tarehe niliiandika nyuma? Igeuze tu!"

Nimeibandua ukutani. Iko mezani, uso juu. Saa nane kasoro robo. Mkuu anauliza mlangoni kama faili limekamilika —