Radhi Uliyoniomba Kabla ya Safari ya Nairobi

Mwaka umetimia, Mutiso, tangu utuache katika hospitali ya Nairobi, siku ya pili tu baada ya kufikishwa. Mkeo Kagendo amesema niandike mimi kwa niaba ya nyumba nzima, kwa kuwa mimi Musembi ndiye kaka yako mkubwa. Shule yangu unaijua, darasa moja huku, jingine kule. Utanivumilia.

Tunaukumbuka upole wako. Miaka ishirini na miwili ulihubiri Garissa katika kile chumba cha mabati pale Waberi. Waumini wako walikuwa walimu, manesi na askari waliopelekwa huko na kazi, na kila Januari uhamisho ulikuja ukakumegea kanisa nusu. Hukulalamika. Uliwasindikiza stendi, ukawabebea magodoro, ukarudi kupanga viti upya.

Tunaikumbuka Ramadhani yako. Kagendo anasema hukukubali chungu kiinjikwe mchana madirisha yakiwa wazi, harufu isije ikawasumbua majirani waliofunga. Wewe mwenyewe ulishinda na njaa mpaka jua lizame, kisha ukaenda kula kwa Deeq, mfugaji wa ngamia, mliyepakana naye ukuta kwa ukuta.

Huyu Deeq lazima nimtaje, maana bila yeye habari zako hazikamiliki. Na nitasema kweli: nilimwonea wivu. Bado namwonea.

Mimi mtu wa njia nilikutembelea mara tatu tu. Mara zote nilimkuta kibarazani kwako, birika la chai katikati yenu, mnacheka kwa Kisomali, nami nimekaa pembeni kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Alikuita walaal. Nikakuuliza maana yake. Ukasema, "Ndugu."

Alikuwa akikuambia, "Mutiso, wewe mtu mzuri sana. Ingia Uislamu tumalize hii maneno."

"Na wewe mtu mzuri. Njoo kanisani Jumapili."

"Jumapili nanywesha ngamia."

"Basi na mimi Ijumaa nafua."

Mnacheka tena mpaka Habibo mkewe anawafokea kutoka ndani. Miaka yote hiyo hakuna aliyemvuta mwenzake, na hakuna aliyechoka kujaribu. Mimi ulinihubiria mara moja tu, ukachoka.

Mama yetu alipofariki nilikuwa Hulugho, kwenye kazi ya kuchimba visima. Nilifika nyumbani Migwani siku moja baada ya mazishi, nikaambiwa Deeq ndiye aliyeshika koleo mahali pangu. Sikumshukuru.

Kwa majirani zako hao wa Garissa, mtu akianza safari ndefu hupita kwa wenzake kuwaomba radhi, hata kama hajawakosea, maana njia haina ahadi. Jibu lake ni moja: nimekusamehe, nawe nisamehe. Desturi hiyo uliichukua ukaifanya yako. Mimi sikuijua. Kwetu anayeomba msamaha ana kosa.

Ndiyo maana asubuhi ile ya kupelekwa Nairobi, figo zimekataa, uliponipigia simu ukasema, "Kaka, nisamehe," mimi nilishtuka. Wazo langu likaenda moja kwa moja kwenye shamba alilotuachia mama.

Nikasema, "Kwanza niambie umefanya nini."

"Hakuna nililofanya. Nisamehe tu."

"Hakuna msamaha wa hivyo, Mutiso. Ukiwa tayari kusema, nipigie."

Nikakata. Hukupiga tena.

Shamba nililikuta kama lilivyokuwa. Mpaka haukuguswa hata hatua moja.

Siku tuliyokuzika, Deeq alikuja na watu wa Waberi, basi zima. Akanivuta kando, akanieleza ile desturi. Kumbe kwenye ambulensi alikaa karibu na kichwa chako, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Alisema nini nilipokata?" nikamuuliza.

"Hakuna. Alinyamaza tu. Tumefika Mwingi, dereva anaweka mafuta, bado amenyamaza. Mimi nikatoka nje na simu, nikarudi, nikamwambia, 'Walaal, Musembi amepiga. Anasema amekusamehe, na wewe umsamehe.'"

"Mimi sikupiga!"

"Najua, mzee. Wallahi ilikuwa uongo, na Mungu ataniuliza. Lakini mtu hawezi kwenda hivyo."

"Na yeye?"

"Akasema, 'Nilijua atapiga.' Halafu akalala."

Nilitaka kumkaba shati mbele ya waombolezaji. Alikuwa amenichukulia kiti kibarazani, akanichukulia koleo la mama, na sasa alikuwa amenichukulia hata sauti. Lakini kama asingeichukua, ungesafiri bila jibu. Hilo ndilo limenitembeza mwaka mzima, Moyale, Isiolo, Lodwar, na kila nilipotua lilikuwa limeshatangulia kufika. Sijui nimshukuru au nimgombeze. Nilipopita Garissa mwezi uliopita nilifanya yote mawili. Akanimiminia chai.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kagendo. Watoto wako Kim na Wendy. Mkwe wako Caro, aliyesema tusisahau kutaja ulivyopenda kuimba bila kujua sauti. Kanisa la Waberi, waliopo na waliohamishwa. Na mimi kaka yako. Kagendo ameamuru Deeq na Habibo waandikwe miongoni mwa ndugu, si miongoni mwa marafiki. Nimewaandika. Deeq anakuja baada yangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa.

Hututoki moyoni, Mutiso, leo wala kesho. Ila lile jibu ulilopewa Mwingi lilikuwa la Deeq. Langu ni hili, limechelewa mwaka mmoja: nimekusamehe, ingawa hukunikosea. Nawe nisamehe, mimi niliyekukosea.